Bakteria aliyevishwa protini ya virusi: niwajibu nini akina mama wa Langoni?

BintiLangoni (Lamu)

Asalamu alaykum wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Lamu mjini, upande wa Langoni. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, kufungua vitabu vya kliniki vya watoto, kuangalia nani amekosa chanjo na kuuliza sababu. Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha akina mama. Binamu yangu anayesoma biolojia Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi alikuwa likizo, nikamwomba azungumze nao kidogo kuhusu chanjo zinavyotengenezwa.

Akaanza vizuri. Halafu akafika kwenye utafiti mmoja wa Marekani: wanasayansi wamechukua bakteria anayeitwa E. coli, wakamtia kipande cha jeni ya virusi vya korona, bakteria akatoa kipande cha protini ya virusi juu ya mwili wake, kisha wakamuua na kumtumia kuwa chanjo. Akamalizia kwamba walijaribu kwa nguruwe.

Kikao kikachafuka hapo hapo. Mama mmoja akauliza, "E. coli si ndiye huyo tunayeambiwa yumo kwenye maji ya kisima kilicho karibu na choo?" Mwengine, aliposikia nguruwe, akainuka, akajifunga buibui lake, akasema mjukuu wake hachomwi tena sindano yoyote. Huyo mtoto ameshakosa sindano ya wiki kumi.

Kinachoniuma ni kwamba chanjo yenyewe haiko sokoni, na habari zake zimeanza kutuharibia zile zilizopo. Naomba anayejua anieleze kwa Kiswahili cha kila siku. Huyo bakteria huvishwa vipi? Nguruwe wameingia wapi? Na hata ikija siku moja, sisi wa visiwani itatufaa nini kuliko hizi tulizonazo?

MaabaraMalindi

Waalaykumu salaam dada. Mimi nafanya kazi ya maabara hapa Malindi, na E. coli ni kiumbe ninayekutana naye takriban kila siku. Mgonjwa akileta mkojo wenye maambukizi, tunauotesha kwenye agari ya MacConkey, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, na kesho yake asubuhi unakuta vidoa vya waridi iliyokoza vimejaa sahani. Mara nyingi ndiye yeye. Basi mama yule amesema kweli: E. coli huishi matumboni, na akionekana kwenye maji ya kisima tunajua kinyesi kimefika.

Lakini E. coli wana koo nyingi. Wapo wanaoharisha watu hadi kuua. Wapo walio tumboni mwangu na mwako sasa hivi na hawatusumbui. Na wapo wa maabara, ukoo wa K-12, ambao mzazi wao alitolewa kwa mgonjwa mmoja huko California mwaka 1922 na tangu hapo wameoteshwa kwenye sahani na chupa, kizazi baada ya kizazi, mpaka uwezo wao wa kukaa ndani ya tumbo la mtu umedhoofika sana. Watafiti hutumia hao. Mwaka 1978 E. coli wa maabara alifanikiwa kutengeneza insulini ya binadamu, na 1982 Marekani ikairuhusu kuwa dawa. Ukimjua mzee yeyote wa kisukari anayejidunga, huenda kichupa kilicho kwenye friji yake kimetoka kwa bakteria huyo. Insulini nyingine hutengenezwa na hamira.

Sasa kuhusu kuvishwa. Bakteria wa aina hii ana utando mara mbili, wa ndani na wa nje. Akitengeneza protini huitengenezea ndani, na ikibaki ndani haionekani na askari wetu wa kinga. Inabidi ivuke tando zote mbili na ibaki imeshikilia nje. E. coli wenyewe wana njia ya kufanya hivyo, kwa sababu baadhi yao hutoa protini nje ili wajishikize kwenye utumbo. Protini hizo huitwa ototransporta. Mwanzo wake ni kibali cha kuvuka utando wa ndani. Mwisho wake hujikunja ukawa pipa lenye tundu kwenye utando wa nje. Sehemu ya katikati hupita kwenye tundu hilo na kutokeza nje. Watafiti wanakata jeni ya sehemu ya katikati na kupachika jeni ya kile wanachokitaka, wanaiweka kwenye plasmidi, yaani kijiduara kidogo cha DNA, wanamwingizia bakteria. Anapozaliana, kila mmoja anatoa kipande hicho nje.

Utafiti aliousema binamu yako nadhani ni ule wa Chuo Kikuu cha Virginia wakishirikiana na Virginia Tech, uliochapishwa 2021. Hawakumvisha bakteria mwiba mzima wa korona, yaani ile protini inayochomoza juu ya virusi. Walichukua kipande kidogo sana cha mwiba huo, kile ambacho virusi hukitumia kuunganisha ngozi yao na ya seli ili waingie. Kipande hicho hakibadiliki ovyo, kwa sababu virusi vikikibadilisha vinapoteza ufunguo wa kuingilia. Amino asidi, yaani vijenzi vya protini, 13 zinazofuatana pale zinafanana kabisa kati ya korona ya binadamu na korona nyingine inayoharisha nguruwe.

Na hapo ndipo nguruwe walipoingilia. Korona ile ya kuharisha ni ugonjwa wao. Walichanjwa nguruwe, kisha wakaambukizwa virusi vya nguruwe, ili ionekane kama kinga inafanya kazi kwa mnyama anayeugua kweli. Hakuna kitu cha nguruwe kilichochukuliwa kutiwa ndani ya chanjo.

Jambo moja la ufundi lililonivutia: bakteria waliotumiwa walikuwa wamepunguzwa jeni zao. Fikiria baraza limejaa watu, mgeni mmoja ameketi katikati yao. Ukipita njiani humuoni. Waondoe wengi, mgeni anaonekana toka mbali. E. coli wa kawaida ana protini nyingi juu ya utando wake, na kipande cha virusi kinapotea kati yao. Wakipunguza jeni za bakteria, protini zake za juu zinapungua, na kinga inakiona kipande tunachotaka kionekane.

Matokeo yasemwe yalivyo. Nguruwe waliochanjwa hawakuugua sana, na virusi kwenye utumbo wao vilipungua. Lakini chanjo haikuzuia kabisa maambukizi, na watafiti wenyewe wameliandika hilo wazi. Ni ushahidi kwamba njia inawezekana. Baina ya hapo na mkono wa mtu kuna safari ndefu.

SistaMkomani (Lamu)

BintiLangoni mwanangu, marahaba. Huyu kijana wa Malindi amekueleza vizuri ya maabara. Mimi ni muuguzi mstaafu, chanjo ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko nyingine, hapa mjini na kwa boti hadi Faza, Kizingitini na Kiunga. Nataka nikupe la kuwaambia wale akina mama, na nakuomba uanze na kile walichokwisha kukiona kwa macho yao.

Mwambie kila mama afungue kitabu cha mwanawe, ukurasa wa chanjo. Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne: pentavalenti, paja la kushoto. Kenya imeitumia tangu mwishoni mwa 2001. Ndani ya kichupa kile mna kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B, na Hib, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sasa sikiliza. Ile ya kifaduro ni bakteria wa kifaduro mzima, aliyeuawa. Ile ya homa ya ini ni protini ya juu ya virusi, iliyotengenezwa na hamira ambayo imetiwa jeni ya virusi hivyo. Maana yake bakteria mzima aliyekufa, na protini ya virusi iliyotengenezwa na kiumbe kingine kidogo, vyote viwili vimo kwenye kichupa kimoja, na vimekuwa vikiingia kwenye mapaja ya watoto wa Langoni, Mkomani, Shela na Matondoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Hao wa Virginia wamevileta viwili hivyo pamoja kwenye mwili mmoja. Ni kazi kubwa ya akili na naiheshimu, lakini si kitu kilichoshuka kutoka mahali tusipopajua.

Na BCG, ile ya mkono wa mtoto mchanga inayoacha kovu, ni bakteria hai. Amedhoofishwa, lakini ni hai. Imekuwapo tangu 1921. Bibi zao wanalo kovu hilo.

Nimeona wahudumu vijana wanaogopa kumwambia mama kwamba ndani ya sindano mna bakteria. Wanasema "ni dawa tu ya kinga". Mama akija kusikia kwingine, kwenye simu au kwa binamu aliye likizo, anajiona amefichwa, na ana haki. Mwambie tangu mwanzo. Mwambie bakteria ameuawa, mwambie kwa nini aliuawa kisha akatiwa, mwambie mtoto atapata joto usiku na paja litavimba kidogo, na kwamba joto lile linatokana hasa na huyo bakteria wa kifaduro, kwa sababu mwili umemtambua. Mama niliyemwambia mapema kwamba usiku mtoto atachemka alirudi wiki ya kumi. Yule aliyeshtukizwa na joto saa nane za usiku, hana hata paracetamol ndani, ndiye aliyekuwa akijificha nikibisha hodi.

Na hiyo chanjo mpya ya E. coli, kama itafika kwa watu, nayo lazima iulizwe swali hilo la joto. Utando wa nje wa E. coli una mafuta na sukari ambazo mwili wa binadamu huzichukia vikali. Zikiingia nyingi kwenye damu zinaleta homa kali na hata mshtuko. Kijana wa Malindi atanisahihisha, lakini najua wapo watafiti wanaobadilisha jeni ya bakteria ili mafuta hayo yapoe ukali.

Swali lako la visiwani sasa. Ulitarajia pengine niseme itatuondolea shida ya barafu. Sivyo. Chanjo za bakteria waliouawa tulizonazo, ya kifaduro na ya kunywa ya kipindupindu, zote zinawekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Safari ya Kiunga itabaki ile ile. Alfajiri unatoa pakiti za barafu kwenye friza, unazipanga mezani, unangoja mpaka ukiitikisa moja moja usikie maji yanacheza ndani. Ukizitia kwenye kibebea chanjo zikiwa ngumu bado, kichupa kinachogusana nazo kinaganda, na pentavalenti ikiganda imekwisha. Utaiona imeshuka vipande chini ya kichupa hata ukiitikisa. Juu ya kichupa kuna duara lenye mraba mdogo ndani yake. Mraba ukifikia weusi wa duara, hiyo hachomwi mtu. Nimekaa botini nikiwa nimekilinda kile kisanduku kwa kanga yangu kisipigwe na jua, na bado ukifika unafungua kwanza uangalie mraba.

Faida iko kwingine. Iko kiwandani. Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zake za kwanza za korona, milioni moja na kidogo. Wazee wetu walichomwa ya kwanza. Kisha nchi iliyokuwa ikizitengeneza ikazibakisha kwa watu wake, na wazee wakawa wanakuja na kadi zao kuuliza ya pili lini, na hatuna la kuwajibu. Tulikuwa na mikono, friji, sindano na boti. Dozi hazikuwapo. Basi nikisoma kwamba chanjo inaweza kuoteshwa kwenye matangi, kwa mchuzi wa sukari na chumvi, bakteria wakaongezeka mara mbili kila baada ya dakika ishirini hivi, wakauawa kwa kemikali, wakaoshwa na kufungwa, na kwamba watafiti walikadiria dozi moja chini ya dola 1, hapo nasimama na kusikiliza. Kazi ya namna hiyo inafanywa tayari kwenye viwanda vya chanjo ya kifaduro na ya kipindupindu, ndani ya nchi zisizo tajiri.

Ila nawaonya wanaosema viwanda vipo tayari basi mambo kwisha. Jirani zetu wa Tana River walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu Februari 2023. Miezi michache kabla, Oktoba 2022, ulimwengu mzima ulikuwa umeamua kutoa dozi moja badala ya mbili, kwa sababu dozi hazitoshi. Viwanda hivyo hivyo. Kikija kirusi kipya, ukawaambia waache chanjo ya kipindupindu watengeneze ya kirusi hicho, watoto wa kipindupindu watapewa nini? Ndiyo maana natamani matangi hayo yajengwe huku Afrika, si kungojea ya wenzetu yawe na nafasi.

MwalimuWaChuo (Faza)

Asalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qurani, si daktari, na fatwa nawaachia wenye elimu yake. Lakini wazazi wa wanafunzi wangu huniuliza mimi kwanza kabla ya kwenda zahanati, kwa hiyo nimejifunza kuuliza vizuri.

Hapa nguruwe ni mgonjwa aliyejaribiwa dawa. Hakuchinjwa akatiwa kwenye kichupa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali na mama yule aelezwe kwa upole. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu.

Swali ambalo mimi ningeuliza, na natumaini Maabara atanijibu, ni hili: bakteria hao wanalishwa nini humo tangini? Nimesikia kwamba michuzi mingine ya maabara hutokana na nyama au maziwa ya wanyama. Ikiwa ni nyama, ni ya mnyama gani, na inabaki kiasi gani mwisho? Swali hilo lina maana kuliko la nguruwe wa majaribio.

MaabaraMalindi

Maalim, umeuliza swali la mtu wa kiwandani hasa. Mchuzi wa kawaida wa kuoteshea E. coli una protini iliyosagwa, na mara nyingi hutokana na kaseini ya maziwa ya ng'ombe, pamoja na dondoo ya hamira na chumvi. Shida yaweza kuwa kwenye vimeng'enya vya kuisaga protini hiyo, kwani baadhi hutoka kwenye kongosho la nguruwe. Habari njema ni kwamba E. coli si mteuzi wa chakula. Anaota vizuri kwenye mchuzi wa glukosi, amonia na chumvi chache, bila chochote cha mnyama, na viwanda vingi vya dawa vinapendelea mchuzi huo kwa sababu nyingine pia: ni rahisi kuusafisha na kila tangi linafanana na lililotangulia. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuulizwa, na anaweza kujibu kwa maandishi.

Na Sista, hukukosea kitu. Jeni zinazomalizia mafuta yale ya utando zinaweza kuondolewa, na bakteria anabaki hai huku ukali wake umepungua sana. Lakini usiondoe wote, maana ukali kidogo ndio unaoiamsha kinga. Chanjo ya protini tupu huhitaji kuongezewa kiamsha kinga, mara nyingi chumvi za aluminiamu. Bakteria mzima anakuja nacho chake.

KukuWaKakuyuni (Malindi)

Samahani kuingilia, wakubwa. Mimi nafuga kuku wa kienyeji Kakuyuni. Kideri kikipita kijijini kinaondoka na banda zima ndani ya wiki. Chanjo ya matone ya jicho tunanunua agroveti, kichupa cha dozi mia, ukishaichanganya lazima uimalize siku ile, na mimi kuku wangu hawafiki thelathini. Majirani hawataki kuchangia. Je, huyu bakteria aliyevishwa hawezi kutiwa kwenye pumba, kuku ale mwenyewe?

MaabaraMalindi

Ndugu yangu, ndivyo wanavyofikiria watafiti kadhaa, ila kwa bakteria mwengine. Yuko Bacillus subtilis, wa udongoni, ambaye akikosa chakula hujifunga ndani ya mbegu ngumu inayostahimili joto na ukavu. Protini ya virusi ikipachikwa kwenye ganda la mbegu hiyo, unaweza kuichanganya na chakula bila friji. Imejaribiwa maabara kwa kamba wanaofugwa, kuwakinga na virusi vya madoa meupe, ugonjwa unaowaogopesha wafugaji wote wa kamba duniani, na pale Ngomeni tuna watu wanaofuga kamba kwenye mabwawa. Kamba waliolishwa walikufa wachache zaidi. Kamba hana kingamwili kama zetu, zile protini za kinga zinazoshika virusi, kwa hiyo wataalamu wanabishana kama hiyo iitwe chanjo, lakini mfugaji anahesabu waliobaki hai.

Kwa kuku na kideri, iliyopo dukani ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na inafanya kazi. Ipo aina inayostahimili joto, iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia mahsusi kwa wafugaji wa vijijini. Ulizia agroveti kama wanayo. Na la majirani, chagueni siku moja kijiji kizima mchanje kuku jioni wakiwa wameshaingia bandani. Mwekeni mtu mmoja wa kutia matone. Kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayemlea kideri anayekuja kukumaliza wewe.

BintiLangoni (Lamu)

Ahsanteni sana, nimesoma yote na nimeyaandika daftarini. Maalim, nitakuja na majibu hayo ya mchuzi kwa maneno yako.

Nina mawili ya mwisho. La kwanza ni la roho yangu. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto wakati chikungunya ilipopita hapa. Nyumbani kwetu wote tulilala, mama alikuwa akitambaa kwenda msalani, na viungo vyake havikuwa sawa kwa miezi mingi. Je, huyu E. coli hawezi kuvishwa protini ya chikungunya?

La pili ni la yule mjukuu. Bibi yake ameanza kulegea. Ila wiki kumi imeshapita zamani. Niseme aanze upya?

MaabaraMalindi

Pole sana dada. Mlipuko ule wa Lamu ulichunguzwa, na hesabu iliyotoka ilikuwa ya kutisha: katika watu 18,000 hivi wa mjini, ilikadiriwa 13,500 waliambukizwa, yaani watatu katika kila wanne. Ilikuwa wakati wa ukame, na maji yaliyokaa majumbani muda mrefu bila kubadilishwa yalizalisha mbu. Wazee waliofuga visamaki kwenye mabirika ya msalani wakila viluwiluwi walikuwa na akili sana, na desturi hiyo ningependa irudi nyumba zote.

Kwa E. coli, chikungunya ni kazi ngumu. Kipande cha korona nilichokisema ni kifupi, hakihitaji kukunjwa sana. Protini za juu za chikungunya ni kubwa, zinashikana mbili mbili, zimekunjwa kwa namna maalum, na zimepachikwa sukari ambazo E. coli hana ufundi wa kuzipachika. Ukimvisha protini iliyokunjwa vibaya, mwili utajifunza sura ambayo virusi hawana, na kinga hiyo haitakusaidia kitu. Hii ndiyo kasoro kubwa ya njia nzima na ni vyema isemwe. Inafaa pale unapojua kipande kifupi, kisichobadilika, ambacho kingamwili ikikishika virusi vinashindwa. Kwa magonjwa mengi kipande hicho hakijulikani bado. E. coli ameshafanikiwa kwenye protini za virusi nyinginezo, lakini kwa kuzitengenezea ndani na kuzisafisha: iko chanjo ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi inayotengenezwa hivyo China, na Shirika la Afya Duniani liliithibitisha 2021.

Chanjo za chikungunya zenyewe zipo mbili zilizowahi kuidhinishwa Marekani. Ya kwanza, Novemba 2023, ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Agosti 2025 leseni yake ilisimamishwa huko kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya watu. Ya pili, Februari 2025, ni ganda tupu la virusi, halina jeni ndani. Na tazama: ganda hilo walilitengeneza kwa seli za binadamu zinazooteshwa maabara, si kwa bakteria, kwa sababu ile ile niliyokueleza.

SistaMkomani (Lamu)

La mjukuu nitakujibu mimi. Haanzi upya. Alipoachia ndipo anapoendelea. Mwili haukusahau ile ya wiki ya sita. Apewe hii ya pili sasa, na ya tatu baada ya wiki nne au zaidi. Na kama alikosa ya nyumonia ya paja la kulia na ile ya matone ya polio siku ile ile, aziendeleze zote kwa pamoja.

Muulize bibi jambo moja kabla ya kumpeleka: baada ya sindano ya kwanza, zaidi ya joto na uvimbe, mtoto alipata degedege, au alizimia, au alilia saa nyingi mfululizo bila kunyamazika? Kama lipo lolote katika hayo, liandike kitabuni na mwambie muuguzi au daktari kabla hajachomwa, kwa sababu ipo namna ya kuamua kuhusu hiyo sehemu ya kifaduro. Kama ilikuwa joto tu, si sababu ya kumzuia.

Siku ya chanjo uende naye wewe mwenyewe hadi kliniki. Mwombe muuguzi amshikishe bibi kichupa kabla ya kukivuta, amuonyeshe ule mraba mdogo na duara, amsomee kilichoandikwa. Paracetamol ya maji waifuate duka la dawa wakiwa njiani kurudi, na dozi aandikiwe kwa kilo za mtoto, asikadirie kwa kijiko. Ukipata upinzani mwengine, nitafute baada ya swala ya Alasiri, niko nyumbani.